Disii na Jamii Yake: Uainishaji wa Mabwana wa Serikali Kama Wanavyoonekana Kutoka Usoke

1. Utangulizi na mipaka ya uchunguzi

Viko vitabu vya kutambua ndege wa nchi hii, vya kutambua miti yake na hata nyoka wake. Raia anayekutana na ofisa wa serikali njiani hana kitabu. Anabahatisha kwa kuangalia rangi ya gari, unene wa faili na idadi ya watu wanaogombea kumfungulia mlango. Makala haya yanakusudia kuziba pengo hilo kwa kuchunguza cheo kimoja cha Waingereza, ambacho wao walikiandika kwa herufi mbili, D na C, na ambacho wananchi walikipokea wakakiita Disii. Mwenye cheo aliondoka zaidi ya miaka 60 iliyopita. Cheo hakikupanda naye meli.

Kituo cha uchunguzi ni Usoke, wilaya ya Urambo, kwenye reli ya kati ukitoka Tabora kuelekea Kigoma. Uteuzi huu una sababu za kitaalamu. Kwanza, Usoke si makao ya wilaya. Mtafiti anayekaa makao makuu humwona ofisa akiondoka, wa Usoke humwona akifika, na cheo husomeka vizuri zaidi kikiwa kinafika. Pili, ukanda huu umepitiwa na watawala wa kila namna, na kila mmoja ameacha jina lake chini kama mtu aliyesahau fimbo. Tatu, anayesubiri treni hana haraka ya kumaliza maelezo yake, na hilo kwa mtafiti ni bora kuliko ruzuku.

2. Matabaka ya chini

Ukichimba, tabaka la chini kabisa ni la mtemi, mtawala wa kienyeji, na chini yake mwanangwa, aliyesimamia kijiji. Kando yao wako watu wa safari. Wanyamwezi ndio waliobeba pembe na vitambaa kati ya bara na pwani karne ya 19, na misafara hiyo ilikuwa na serikali yake inayotembea: kirangozi aliyetangulia mbele, na mnyampara aliyesema kwa niaba ya wenzake na kuamua magomvi yao.

Juu ya hapo kuna tabaka la pwani. Said bin Salim, aliyeongoza msafara wa wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke mwaka 1857, baadaye alikaa Unyanyembe, karibu na Tabora, akiwa liwali wa Sultani wa Zanzibar. Huko Unguja alikuwako balozi wa Mwingereza, ambaye alikuwa mgeni kwa cheo na mwenyeji kwa mamlaka.

Kisha Wajerumani wakaja na boma, wakachukua pwani maakida na majumbe na kuwapandisha bara. Reli yao ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, wakati mzuri kabisa wa kuwarahisishia kazi maadui zao. Tarehe 19 Septemba 1916 Tabora ilitekwa na jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo chini ya Jenerali Tombeur, ambaye baadaye alipewa ubaroni kwao na kuitwa Baron Tombeur de Tabora. Huyu ni mfano adimu wa cheo kilichochukua jina la mji bila mji kuulizwa wala kunufaika. Mwaka uliofuata Wabelgiji waliwaachia Waingereza Tabora, na hapo ndipo mada yetu inapoanza.

3. Jenasi Bwana

Waingereza walipanga vyeo vyao kwa ngazi: nani yuko chini ya nani. Maofisa wao wa kwanza, wakati vita vikiendelea, waliitwa maofisa wa siasa, cheo ambacho baadaye kilikosa raha, maana mwaka 1953 serikali hiyohiyo ilikataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, alipanga upya nyumba nzima. Sheria ya mwaka 1926 iliwapa watemi mamlaka ya wenyeji, nchi ikagawanywa katika majimbo, kila jimbo likapata Pisii wake, yaani mkuu wa jimbo; baada ya muda kila wilaya ikawa na Disii wake, na chini ya Disii akawekwa Dio, ofisa wa wilaya, kijana aliyetoka chuo na kaptura mpya. Makao ya Jimbo la Magharibi baadaye yakawa Tabora.

Ngazi hiyo ilikuwa na maana kubwa kwa aliyekuwa akiipanda. Kwa aliyesimama chini akiwa na jembe haikumwambia kitu, maana hakuwa na nia ya kupanda. Kwa hiyo wananchi walitunga mfumo wao, na mfumo huo ndio mchango mkubwa wa kisayansi unaojadiliwa hapa. Hawakuuliza ofisa yuko chini ya nani. Waliuliza amekuja na shauri gani, wakamwita kwa shauri hilo.

Jenasi ni Bwana. Spishi zake kuu ni hizi:

Bwana Shauri. Huyu ndiye Disii mwenyewe, au Dio wake, akiwa kazini: amekaa kwenye meza ya kukunja chini ya mti, mkalimani kulia, tarishi kushoto, na mbele yake watu wawili wanaogombania ng'ombe mmoja. Jina lilianza kusikika tangu enzi za Wajerumani, likarithiwa bila mirathi.

Bwana Mkubwa. Spishi isiyo imara, kwa kuwa ukubwa hutegemea nani mwingine yupo. Dio akiwa peke yake ni Bwana Mkubwa. Disii akitokea, anapungua hapohapo.

Bwana Nyama. Mlinzi wa wanyamapori. Jina linawachanganya wageni, wanaodhani analeta nyama. Kazi yake ni kuizuia.

Bwana Shamba, Bwana Mifugo, Bwana Afya. Spishi hai, zinapatikana kote nchini mpaka leo. Jike la jenasi hii ni Bibi Maendeleo, aliyefika na kitambaa cha kufundishia ushonaji.

Bwana Nyoka. Spishi ya mtu mmoja tu: Ionides, ofisa wa wanyamapori kusini mwa nchi, aliyekamata nyoka wengi mpaka nyama zikasahaulika kwenye jina lake.

Bwana Nyuki. Huyu ni wa kwetu, maana Tabora ndipo kilipo chuo cha ufugaji nyuki. Tutamrudia.

Mfumo huu una faida moja ambayo ule wa London haukuwa nayo: haudanganyi. Bunge la Uingereza lina kanuni ya zamani kwamba mbunge hawezi kujiuzulu hivihivi. Anayetaka kutoka huteuliwa kuwa msimamizi wa Chiltern Hundreds, cheo cha mfalme kisicho na ofisi wala kazi, ila kina nguvu ya kisheria ya kumnyang'anya ubunge. Yaani mtu anapewa kazi ili aache kazi. Mzee mmoja wa stesheni, aliyepelekewa habari hii kwa ajili ya maoni, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na posho?" Alipojibiwa kwamba hakuna, alitikisa kichwa. "Basi huyo, mwanangu, siyo bwana. Huyo ni mgonjwa."

4. Ufunguo wa utambuzi

Msomaji aliyeko uwanjani atumie ufunguo ufuatao, akianzia juu.

(a) Ofisa amefika. Kuna waliokimbilia porini? Kama wapo, nenda (b). Kama hakuna, nenda (c).

(b) Wamekimbia wanaume peke yao: ni wa kodi. Utambuzi huu uliimarika kwa sheria ya kodi ya nyumba na kichwa ya mwaka 1922, na uliendelea kufaa, kwa vipindi na majina tofauti, mpaka kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003. Wamekimbia wanawake wakiwa na watoto mgongoni: ni wa chanjo. Amekimbia mtu mmoja na kitoweo chake: ni Bwana Nyama.

(c) Kuna kiti kilichoazimwa nyumba ya jirani? Kama hakuna, aliyefika ni mtendaji wa kijiji, naye ataketi popote. Kama kipo, nenda (d).

(d) Kiti kimewekewa kitambaa? Kama hakikuwekewa, ni bwana shamba. Kama kimewekewa, na mezani pana chupa ya maji, ni afisa tarafa. Pakiwa na kitambaa, chupa ya maji na maua ya plastiki, ni Disii. Pakiwa na vyote hivyo, na greda limepita barabarani wiki iliyotangulia, basi Disii amemsindikiza mkubwa wake, na huu ndio wakati wa kupeleka magunia sokoni kabla mvua hazijairudisha barabara ilivyokuwa.

5. Matumizi katika lugha hai

Uchunguzi wa mazungumzo ya Usoke umebaini kwamba Disii ana maana nne.

Ya kwanza ni mtu: "Disii amepita." Ya pili ni mahali: "Kesi iko kwa Disii," yaani haiko hapa, na usiniulize tena. Ya tatu ni tishio: "Nitakupeleka kwa Disii." Maana hii hutumika zaidi na watu ambao hawana nauli ya kufika huko hata wao wenyewe. Ya nne ni kipimo cha wakati: tangazo likisema Disii atafika saa nne, mwenyeji anapalilia mistari mitatu, anaoga, anakula, anafika uwanjani saa saba, na anapata kiti cha mbele.

Umiliki nao una kanuni zake. Akija na saruji ya zahanati ni "Disii wetu". Akija na amri ni "Disii wenu", husemwa kwa wanachama wa chama na mtu aliyesahau kwamba naye ana kadi. Wingi, "madisii", hutumika kwa nadra, maana kila mmoja huja na kauli zake kana kwamba hajawahi kutanguliwa na mwingine.

6. Kanuni ya urefu

Utafiti umefikia kanuni ya jumla: cheo kikirefuka, mkono hufupika. Ushahidi bora ni wa Sir Richard Turnbull. Tangu mwaka 1958 aliitwa Gavana, na neno lake lilikuwa sheria. Tarehe 9 Desemba 1961 nchi ilipata uhuru, naye akapandishwa cheo papo hapo kuwa Gavana Mkuu. Nyumba ilikuwa ileile na bahari ya dirishani ileile, ila sasa aliweka saini yaliyoamuliwa na wengine. Ukuu huo ulidumu mwaka mmoja kamili, mpaka Jamhuri ilipotangazwa tarehe 9 Desemba 1962.

Kanuni ina utanzu wake: cheo chenye jina la kitu hakihakikishi upatikanaji wa kitu hicho. Mwaka 1947 Waziri wa Chakula wa Uingereza, John Strachey, alisimamia mradi mkubwa wa karanga ili watu wake wapate mafuta ya kupikia. Maeneo yalikuwa matatu: Kongwa, Nachingwea, na Urambo, majirani zetu hapa. Matrekta yalifyeka, udongo ukagoma, mvua zikapanga ratiba yao. Mapema mwaka 1951 mradi ulifutwa, na hasara iliyoandikwa ilikuwa kama pauni milioni 36. Urambo ikageukia tumbaku, ambayo hailiki wala haikaangii. Laiti Waziri huyo angeitwa kwa utaratibu wa Usoke, angekuwa Bwana Karanga, na mtu wa kwanza kukutana naye njiani angemwuliza: "Ziko wapi?"

7. Uhamaji wa vyeo

Vyeo havifi ovyo. Makazi yakiharibika, huhama.

Gavana alihamia benki kuu, akabaki huko na saini yake kwenye noti. Kenya alirudi kwa kura mwaka 2013, mmoja kwa kila kaunti. Chifu wa Kenya bado ni mtumishi wa serikali mwenye sare na mshahara, ilhali kwetu uchifu ulifutwa kisheria mwaka 1963. Uganda wamezalisha chotara wa kipekee: kiongozi anayeitwa RDC, aliyeunganishwa kutokana na Disii wa bara na Resident, cheo cha Mwingereza aliyekaa pembeni ya Sultani kule Unguja akimshauri kwa namna isiyokataliwa. Zambia, karibu na Ndola, Bwana Mkubwa ni jina la mgodi wa shaba, na hao ndio pekee waliofanikiwa kumchimba.

Mnyampara wa misafara yetu alishuka hadi pwani, akaingia mashamba ya mkonge, akaingia magereza, na sasa ni nyapara, anayesimamia wenzake kwa manufaa ya mwingine. Ni bidhaa ya Unyamwezi iliyosambaa nchi nzima bila ushuru.

Aliyesafiri mbali zaidi ni balozi. Jina lake lilitoka kwa Waturuki, nao walilipata kwa mjumbe wa Venisi aliyekaa Istanbul, aliyeitwa bailo, na asili ya neno hilo katika Kilatini ni mbeba mizigo. Kwa hiyo balozi, kwa nasaba, ni mpagazi aliyepanda cheo. Baada ya uhuru alipewa nyumba kumi za kuangalia, na leo balozi wa mtaani huamka usiku kuamua ugomvi wa mume na mke, ambao ndio mzigo mzito kuliko pembe zote zilizopita Tabora.

Mtemi naye alifutwa pamoja na uchifu mwaka huohuo wa 1963, kwa sheria isiyo na mawaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa mifugo ulipozidi Unyamwezi na Usukuma, wanavijiji waliunda sungusungu wakiwa na pinde na filimbi. Walipohitaji jina la kiongozi wao hawakwenda kulitafuta kwenye nyaraka za serikali. Walimwita mtemi. Kazi ilikuwa imerudi, na jina likaifuata.

8. Tatizo la mwaka 1962

Hapa ndipo penye fundo la makala yote. Mwaka 1962 serikali huru ilifuta cheo cha Disii. Kwa Kiswahili akawa Mkuu wa Wilaya, na kwa Kiingereza herufi zake zikawa A na C. Kwa mujibu wa nadharia zote za istilahi, Disii alipaswa kutoweka. Hakutoweka. Wananchi waliendelea kumwita Disii, na baada ya muda Kiingereza cha serikali chenyewe kilisalimu amri na kurudisha herufi za zamani.

Nadharia ya kwanza inasema wananchi ni wavivu wa kujifunza majina mapya. Nadharia hii haisimami. Watu waliojifunza Jimbo likawa Mkoa, na mwanangwa akawa mtendaji, na kodi moja ikabatizwa majina matatu, hawashindwi na herufi moja.

Nadharia ya pili inadai ni heshima kwa Waingereza. Hii nayo inagonga mwamba mwaka 1958, Julius Nyerere aliposhtakiwa kwa kuwakashifu madisii wawili kwenye gazeti la TANU na kutozwa faini ya shilingi 3,000. Miaka minne baadaye alikuwa rais, na wakuu wa wilaya wakawa wateule wake. Aliyewajua vizuri kiasi hicho hakuwabakiza kwa mapenzi.

Nadharia ya tatu ndiyo inayotetewa hapa. Katika miaka ya 1920 na 1930 watu wengi wa Unyamwezi waliambiwa wahame kutoka kwenye makazi yao ya msituni na kukusanywa pamoja kwa ajili ya malale. Sababu ilikuwa afya yao. Katika miaka ya 1970 watoto na wajukuu wao waliambiwa wahamie vijijini. Sababu ilikuwa maendeleo yao. Sababu zote mbili zilikuwa na ukweli ndani yake, na waliozileta hawakufanana kwa rangi, lugha wala itikadi. Lakini kwa mama aliyekuwa akifunga vyungu vyake, sentensi ilikuwa moja: "Disii amesema tuhame." Na Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 ilipompa Mkuu wa Wilaya uwezo wa kumweka mtu ndani hadi saa 48 kwa ajili ya amani, mwananchi hakuhitaji mwanasheria wa kumweleza huyo ni nani.

Kwa ufupi, serikali ilibadili jina la ofisi, mwananchi alikuwa ametaja jina la safari. Disii ni umbali kati ya mahali shauri linapotokea na mahali linapokatwa. Umbali huo haujafutwa.

9. Kiambatisho: mkutano wa hadhara

Kielelezo kimoja kilichunguzwa kwa karibu, katika kijiji cha ukanda huu. Chini ya turubai la bluu mtendaji wa kata alishika karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, wino umeanza kulowana jasho. Juu yake aliandika vyeo vyote vilivyokuwa meza kuu, kwa mpangilio. Aliwataja mmoja mmoja, akasahau mmoja, akanong'onezwa, akarudi mwanzo. Wasemaji watano waliofuata walifanya hivyohivyo, hadi kivuli cha turubai kikawahama waliokaa chini.

Kisha kipaza sauti kikampata mama mmoja aliyevaa kanga ya njano. Alimsalimu mzee aliyekaa pembeni yake kwa "Mwangaluka, baba", ingawa asubuhi ilikwishapita, akageukia meza kuu. "Mheshimiwa Disii, itifaki imezingatiwa," alisema. "Pampu imekufa tangu mavuno." Akaketi.

Wataalamu wanapaswa kusimama kidogo hapo. "Itifaki imezingatiwa" ni uvumbuzi mkubwa kuliko wowote katika sayansi ya vyeo: maneno mawili yanayowataja wakubwa wote bila kumtaja hata mmoja, na kuacha muda wa pampu. Baraza lolote la mfalme lingeulipia.

10. Hitimisho na mapendekezo

Makala yamethibitisha kwamba cheo hudumu kadiri kazi yake inavyodumu, na kwamba mwenye haki ya kukitaja ni yule anayefikiwa nacho. Neno Disii litatoweka lenyewe, bila waraka, siku mtu wa Usoke atakapoweza kumaliza shauri lake Usoke.

Inapendekezwa utafiti unaofuata umhusu Bwana Nyuki. Kati ya spishi zote zilizochunguzwa, huyu ndiye pekee ambaye hakuna aliyemkimbia, hakuna aliyemwazimia kiti, na hakuna aliyewahi kutishiwa kupelekwa kwake. Mfugaji mmoja mwenye mizinga msituni alipoulizwa kwa nini, alieleza kwamba Bwana Nyuki akija huenda naye hadi mtini, wakaung'oa mfuniko pamoja, wakaumwa pamoja, shauri likaishia hapo.